King's Cross, London: kwa nini kituo cha chini kimepinda hivi, na mgeni apite wapi?

Binti_Chikongola

Habari za saa hizi wakuu. Mdogo wangu amepata chuo Leeds. Ataruka kutoka hapa Mtwara hadi Dar, Dar hadi Heathrow, kisha treni ya chini ya ardhi mpaka King's Cross akaunganishe na treni ya Leeds. Ana masanduku mawili ya kilo 23 kila moja na begi la mgongoni.

Nimechapisha ramani ya hicho kituo nikaitandaza mezani, na kila nikiifuata kwa kidole napotea. Njia sita za treni za chini, stesheni mbili kubwa juu zenye majina tofauti, kumbi tatu za tiketi, na lifti ambazo hazifiki moja kwa moja. Anayekifahamu anieleze: kwa nini kimekaa hivyo, nini kiko chini ya nini, na yeye apite wapi. Halafu kuna mtu kasema kituo hicho kiliwahi kuungua watu wengi wakafa. Mama akilisikia hilo nusunusu hatalala, nataka nimweleze kwa ukweli wake.

Mzee_wa_Rahaleo

Mwanangu, ramani inakuzungusha kwa sababu unatafuta mpango mmoja, na pale haujawahi kuwepo mpango mmoja. Pana stesheni kadhaa zilizojengwa na kampuni zilizokuwa zikigombania abiria, kila moja na hesabu zake, makorido yakaja baadaye kuziunganisha. Ni nyumba inayoongezwa chumba kila msimu wa korosho: fedha ikipatikana ukuta unatobolewa, mlango unawekwa, na mgeni akiingia hajui sebule iko wapi.

Anza na za juu. King's Cross ya treni kubwa ilifunguliwa 1852 na kampuni ya Great Northern, mchoro ni wa Lewis Cubitt. Mwaka 1868 wapinzani wao, kampuni ya Midland, wakafungua St Pancras pembeni, barabara moja tu katikati. Midland walitaka reli yao ivuke mfereji wa Regent's Canal kwa juu, kwa hiyo treni zikaingia mjini zikiwa zimeinuka na majukwaa yakawa ghorofani. Nafasi iliyobaki chini wakaifanya ghala la mapipa ya bia kutoka Burton, na nguzo zikapangwa kwa kipimo cha mapipa. Ghala hilo ndilo leo maduka na ukumbi wa abiria wa treni za Ufaransa na Ubelgiji, zilizohamia hapo Novemba 2007. Paa la St Pancras, kazi ya mhandisi Barlow, lina upana wa mita 73 hivi bila nguzo katikati. Kijana akiwa na nafasi alitazame, lakini treni yake haiko huko. Hilo alishike.

Sasa chini. Tarehe 10 Januari 1863 kampuni ya Metropolitan ilianza kubeba abiria kutoka Paddington hadi Farringdon, kilomita sita hivi, vituo saba, na King's Cross ni kimoja kati yake. Ndiyo reli ya kwanza duniani ya abiria kupita chini ya mji. Walichimba kwa namna ambayo fundi yeyote wa mtaro anaielewa: barabara inafumuliwa, shimo refu linachimbwa, kuta za matofali zinapandishwa pande mbili, juu linafungwa tao, kifusi kinarudishwa na barabara inajengwa upya. Njia hiyo haiendi kina kirefu na inalazimika kufuata barabara iliyopo, ndiyo maana kipande kile kimelala chini ya Euston Road. Mabaya yake yalionekana mapema. Juni 1862, kabla hata ya kufunguliwa, mfereji wa maji taka uliobeba mto Fleet ulipasuka ukafurika ndani ya shimo la kazi. Na treni zenyewe zilikuwa za mvuke! Vichwa vya treni vilitengenezwa ili mvuke urudishwe kwenye matangi ya maji badala ya kutoka nje, lakini moshi wa makaa uliendelea kujaa humo mpaka umeme ulipoingia 1905.

Baada ya hapo zikaja reli za kina kirefu. Piccadilly ilifika Desemba 1906, na ile inayoitwa sasa Northern ikafika Mei 1907. Zote mbili ziliteremsha abiria kwa lifti. Mwaka 1939 ukajengwa ukumbi wa tiketi wa mviringo mbele ya stesheni ya 1852, pamoja na ngazi za umeme kwenda Piccadilly na Northern. Mwaka 1941 majukwaa ya Metropolitan yakahamishiwa magharibi ili yasogelee hizo nyingine. Victoria ikaingia Desemba 1968. Ukumbi wa magharibi umefunguliwa 2006 na wa kaskazini Novemba 2009. Kila tarehe hapo ni kona moja kwenye ramani yako.

Jina lenyewe limetokana na mnara wenye sanamu ya Mfalme George IV uliosimama njia panda, ukabomolewa miaka ya 1840 kabla stesheni haijajengwa. Tusiwacheke. Sisi hapa tuna kata ya Reli, na reli ya karanga ya kwenda Nachingwea iling'olewa siku nyingi.

Mtu_wa_Mitwero

Mzee kamaliza ya kale. Mimi nashuka na mpangilio, kisha njia ya huyo kijana.

Ukisimama Euston Road ukitazama kaskazini, King's Cross iko kulia kwako na St Pancras kushoto. Chini kidogo tu ya usawa wa barabara zimo kumbi tatu za tiketi. Ule wa zamani uko mbele ya King's Cross. Wa magharibi uko chini ya uwanja wa mbele wa St Pancras. Wa kaskazini uko chini ya ukumbi mpya wa King's Cross wenye paa jeupe la vyuma linalotanuka kutoka kwenye nguzo, uliofunguliwa Machi 2012. Kijana wako anautaka huo wa kaskazini. Hizo mbili nyingine azisahau.

Majukwaa ya karibu zaidi na barabara ni ya njia za zamani: Circle ya njano, Hammersmith & City ya pinki, Metropolitan ya zambarau. Zote tatu hutumia reli zilezile, kwa hiyo pale mtu hasomi jukwaa peke yake, anasoma na jina lililo mbele ya treni. Chini yake zaidi ziko Piccadilly, bluu iliyokolea, na Victoria, bluu ya anga, kila moja na ngazi zake za umeme. Chini kabisa ni Northern, nyeusi. Jukwaa la Victoria linatambulika kwa vigae vya ukutani vyenye picha ya mataji yaliyopangwa umbo la msalaba. Kijana akiyaona hayo mataji ajue yuko kwenye njia isiyo yake.

Safari yenyewe. Heathrow afuate alama ya duara jekundu lenye mstari wa bluu, agonge kadi getini, apande treni yoyote ya Piccadilly inayoelekea mjini. Asihangaike na jina la mwisho wa safari, Cockfosters au Arnos Grove. Zote zinapita King's Cross. Akae karibu na mlango kwenye nafasi ya kusimamia, masanduku ayasimamishe wima na ayashike, maana treni inapofunga breki yenye magurudumu manne hutembea yenyewe. Ni kama saa moja.

Sehemu kubwa ya mwanzo inapita juu, unaona nyumba na miti. Baada ya kituo cha Barons Court treni inaingia handakini na haitoki tena. Kuanzia hapo ahesabu: Earl's Court ni cha kwanza, King's Cross ni cha 12. Akipita Holborn asogee mlangoni, kinafuata Russell Square, halafu chake.

Akishuka, wimbi la watu litamvuta kwenye ngazi za karibu. Asivutwe. Asimame pembeni ya ukuta kwanza, treni iondoke, kisha atafute ubao wenye alama ya lifti na jina la stesheni ya King's Cross. Lifti ya kwanza inampeleka usawa wa ukumbi wa kaskazini. Pale apite geti pana, lile la wenye mizigo na viti vya magurudumu, agonge kadi tena, kisha lifti nyingine imtoe juu. Lifti haziendi moja kwa moja kwa sababu ukumbi wa tiketi umekaa katikati, na huwezi kumtoa abiria nje bila kumpitisha getini. Tangu 2010 majukwaa yote ya kituo kile yanafikika bila kukanyaga ngazi hata moja.

Ukumbini juu kuna ubao mkubwa wa treni. Namba ya jukwaa hutangazwa dakika chache kabla ya kuondoka, kwa hiyo kuona nafasi tupu si kosa. Kitu kinachowapoteza wengi ni kwamba treni inayopita Leeds inaweza kuandikwa jina la mji ulio mbele yake, mfano Harrogate au Skipton. Atafute saa ya kuondoka iliyo kwenye tiketi yake, kisha asome orodha ya vituo. Safari ni saa mbili na robo hivi.

Kijana_wa_Ligula

Swali la nyongeza wakuu. Hiyo ya kufumua barabara naielewa, tumeona mitaro hapa Mtwara mtaa unafungwa miezi. Lakini hizo za chini kabisa wamechimbaje bila kufumua mji? Na kwa nini njia zake zimejikunja hivyo?

Fundi_Mikindani

Kwa ngao. Ni pipa la chuma lisilo na vifuniko, kipenyo kinazidi handaki kidogo. Wachimbaji wanasimama ndani yake, wanakata udongo mbele, jeki zinalisukuma pipa lote sentimita kadhaa, na nyuma yake wanafunga pete za chuma zilizogawanyika vipande kama vya mkate wa duara, boti kwa boti. Nafasi ndogo inayobaki kati ya pete na udongo inajazwa saruji laini kwa shinikizo, la sivyo udongo unashuka na nyumba za juu zinapasuka. Reli ya kwanza ya kina kirefu yenye treni za umeme ilifunguliwa London 1890 kwa njia hiyo, na umeme ndio uliowezesha. Treni ya mvuke ndani ya bomba jembamba lile ingeua watu.

Kilichowasaidia ni udongo. Kaskazini ya mto Thames kuna tabaka nene la mfinyanzi mgumu wa bluu-kijivu. Unakatika vizuri, hauporomoki haraka, na haupitishi maji. Kusini ya mto kuna mchanga na changarawe zenye maji, ndiyo maana ukitazama ramani ya London nzima reli za chini zimejazana kaskazini. Hapa kwetu ukanda wa pwani ni mawe ya matumbawe na mchanga, na maji ya bahari hayako mbali. Ngao ya wazi ya zama zile isingefika popote.

Kujikunja kuna sababu mbili. Kwanza, kampuni zilifuata barabara hata chini ardhini ili zisilipe fidia wenye majumba. Barabara ikikata kona, handaki linakata kona. Pili, kila reli mpya ililazimika kupenya juu au chini ya iliyotangulia bila kuigusa, pamoja na mabomba ya maji taka. Victoria ilipokuja 1968 nafasi nzuri zilikuwa zimeshaliwa.

Vipimo kwa wanaovipenda: handaki la treni kwenye njia za zamani za kina lina kipenyo cha mita 3.6 hivi, ndiyo maana treni zina mabega ya duara na mtu mrefu akisimama mlangoni anainamisha kichwa. Sehemu ya jukwaa inapanuliwa kufikia mita 6.5 hivi. Upana wa reli ni milimita 1,435, sawa na SGR yetu ya Dar hadi Dodoma. Ile ya kwetu ya karanga ilikuwa mita moja. Ukichungulia chini utaona reli nne, wala si mbili. Mbili za magurudumu, na mbili za umeme: ya pembeni volti 420 chanya, ya katikati 210 hasi, jumla 630. Kitu kikidondoka chini hakiokotwi na abiria. Anaitwa mfanyakazi, basi.

Jambo moja zuri la Victoria ni kwamba vituo vyake vingi vimewekwa juu ya kilima kidogo ndani ya handaki. Treni inayoingia inapanda, inapungua mwendo yenyewe. Inayotoka inateremka, inapata kasi bila kula umeme mwingi. Lakini joto limewashinda. Mfinyanzi ule umefyonza joto la breki na injini kwa zaidi ya miaka mia, sasa haufyonzi kama zamani, na treni za Piccadilly za miaka ya 1970 hazina kiyoyozi. Mtu wa Mtwara hatashtuka sana, ila atashangaa kwamba juu kuna baridi na chini ana jasho. Koti alivue kabla.

Binti_Chikongola

Ahsanteni sana, nimeanza kuona mwanga. Na la moto je? Ni kweli?

Kikosi_Shangani

Ni kweli, na lielezwe lote maana limebadili namna vituo vya chini vinavyolindwa.

Ilikuwa Jumatano tarehe 18 Novemba 1987, saa moja na nusu usiku (19:30) kwa saa za London. Moto ulianza chini ya ngazi ya umeme ya Piccadilly, moja ya zile za 1939, zenye vidato na kuta za mbao. Chanzo kilichokubaliwa na uchunguzi ni njiti ya kiberiti iliyopenya kwenye mwanya wa pembeni ikaangukia grisi iliyochanganyika na vumbi, nyuzi za nguo na makaratasi ya miaka mingi. Kuvuta sigara ndani ya vituo vya chini kulikuwa kumeshapigwa marufuku 1985, lakini watu waliwasha wakiwa kwenye ngazi, wakielekea nje.

Kwa dakika kama 15 ulionekana moto mdogo. Kisha ukalipuka ukumbini juu kwa ghafla. Watu 31 walifariki, mmoja wao ofisa wa zimamoto, Colin Townsley.

Kilichowashangaza wataalamu ni ule mlipuko. Walipouiga kwa kompyuta, miali haikusimama wima kama walivyotarajia. Ililala ndani ya mfereji wa ngazi na kupanda nao. Wakadhani programu ina kosa. Wakajenga mfano mdogo wa ngazi ya mbao wakauwasha, ukafanya vilevile. Ngazi ina mwinamo wa nyuzi 30 na kuta mbili za pembeni. Miali inavutwa kwenye sakafu, inapasha mbao za mbele, mbao zinatoa gesi, na zikifika joto lake zote zinashika pamoja na kurushwa juu kama kutoka kwenye bomba. Ukiwa na uzoefu wa moto wa pori unaopanda mlima unakuta mantiki ni ileile.

Makosa ya watu nayo yalikuwepo. Chini ya ngazi kulikuwa na vifaa vya kunyunyiza maji ambavyo havikufunguliwa, kwa sababu waliokuwepo hawakufundishwa kuvitumia. Abiria wa Piccadilly wakaelekezwa watoke kwa ngazi za Victoria, zinazofika kwenye ukumbi uleule uliolipuka. Hapo ndipo ubaya wa ule mpangilio aliousema Mzee ulipojitokeza: njia nyingi chini, mlango mmoja juu.

Ripoti ya uchunguzi chini ya Desmond Fennell ilitoka 1988 na mapendekezo 157. Mbao zikaondolewa kwenye ngazi. Iliyobaki mwisho kabisa katika mtandao mzima, kituo cha Greenford, ilizimwa 2014. Vikawekwa vipima joto na vinyunyizio vinavyojifungua vyenyewe chini ya ngazi, na mafunzo ya wafanyakazi yakawa lazima kisheria. Kumbi za magharibi na kaskazini zimeongeza milango ya kutokea. Mwambie mama hivyo. Kijana naye ajue mambo mawili: akisikia tangazo la kuondoka aende anakoelekezwa na mfanyakazi hata kama ni mbali, na asirudi kufuata sanduku.

Kusini_Express

Naheshimu maelezo ya Mtu_wa_Mitwero lakini sikubali kwamba Piccadilly ndiyo njia bora. Elizabeth Line ipo tangu Mei 2022. Treni mpya, pana, zenye kiyoyozi, sakafu iko sawa na jukwaa vituo vya katikati ya mji. Heathrow hadi Farringdon dakika 40 hivi, halafu kituo kimoja tu kwa Circle, Hammersmith & City au Metropolitan umefika.

Mtu_wa_Mitwero

Mkuu, ungekuwa na begi moja la mgongoni ningekuunga mkono. Huyu ana kilo 46 mikononi. Kwa Elizabeth anabadili treni Farringdon, anapanda lifti huko, anasubiri treni ya pili, kisha anashushwa kwenye majukwaa ya juu upande wa magharibi, na bado ana korido ndefu hadi ukumbi wa King's Cross. Unachookoa njiani unakilipa kwa kutembea. Nauli nayo inazidi mara mbili ya Piccadilly. Mimi ningeichukua Elizabeth endapo tu Piccadilly ina hitilafu, na hitilafu hutangazwa kwenye ubao pale pale Heathrow kabla hujagonga kadi.

Kusini_Express

Kwa mizigo hiyo, sawa. Ila niongeze onyo moja kuhusu mabango ya King's Cross. Ukibadili treni mle ndani, mabango mara nyingi yanakuzungusha kupitia ukumbi wa kaskazini hata kama kuna njia fupi. Wamefanya makusudi ili watu wasisongamane kwenye makorido ya zamani. Wenyeji wanaotoka kazini wanajua za mkato. Mgeni afuate bango, atatembea zaidi lakini kwa nafasi.

Na asitokee Euston Road. Akijikuta juu kwenye magari na mabasi, ajue amepita mlango wa kusini. Atazame kaskazini, aelekee jengo la kulia la matofali ya njano lenye matao mawili makubwa, ndiyo King's Cross. Jengo jekundu lenye minara ni St Pancras. Akiona foleni ya pasipoti yuko kwenye treni za Paris, amepotea.

Binti_Chikongola

Hiyo ya majengo mawili nimeipenda, nitamchapishia picha. La mwisho: kadi gani? Na tiketi ya Leeds nikate sasa?

Mzee_wa_Rahaleo

Kadi ya benki ya hapa inafaa iwapo ni Visa au Mastercard na ina alama ya mawimbi manne ya kugonga. Kabla hajaondoka aombe benki ifungue matumizi ya nje ya nchi, na aulize makato yao. Agonge kadi ileile kuingia na kutoka. Akigonga kadi Heathrow halafu simu King's Cross, hata kama simu imefungwa kwenye akaunti hiyohiyo, mashine inaona ni watu wawili ambao hawakumaliza safari na inakata nauli ya juu kabisa mara mbili. Ikikataa kabisa, mashine za Heathrow zinauza kadi ya nauli ya London iitwayo Oyster, ila ada ya kadi yenyewe hairudi.

Ngazi za umeme: kusimama kulia, kushoto ni kwa wanaotembea. Lakini na masanduku yale asizipande, asubiri lifti.

Mtu_wa_Mitwero

Kuhusu tiketi ya Leeds. Ya bei nafuu inayokatwa mapema inafungwa kwa treni moja na saa moja. Ukichelewa kwa foleni ya uhamiaji au masanduku, imekufa. Ukiikata hiyo, acha saa nne kati ya kutua na kuondoka kwa treni. Zikipungua, lipia ile isiyofungwa kwa saa, ni ghali zaidi lakini anapanda treni yoyote ambayo tiketi hiyo inaruhusu. Soma masharti, maana nyingine hazitumiki saa za msongamano.

Kama ana umri wa miaka 16 hadi 25 anunue mtandaoni kadi ya punguzo ya vijana ya reli, inakata theluthi moja ya nauli. Iwe kwenye simu yake na simu iwe na chaji, kwa sababu mkaguzi akiikosa anahesabu kwamba tiketi haijalipiwa. Adapta ya soketi ya Uingereza haihitajiki, ni pini tatu kama zetu.